Mbakizeni beki mzee, lakini msimwache peke yake

Kila dirisha la usajili linapokaribia, kuna mchezaji mmoja ambaye mashabiki wa karibu kila timu wamekwisha kumhukumu. Ni beki wa kati aliyevuka miaka 33. Bao moja limepita upande wake, winga wa timu pinzani amemwacha hatua mbili, na kijiwe kizima kinaimba wimbo mmoja: kazeeka, miguu imeisha, apewe mkono wa kwaheri tuingize damu changa. Napenda mabeki kuliko wachezaji wa namba nyingine yoyote, na hukumu hiyo imeniudhi kwa muda mrefu. Leo nataka kuibishia kwa kuitazama hasa klabu moja, iliyowahi kulifanya jambo hili vizuri kuliko nyingine zote ninazozijua, kisha ikaliharibu katika dirisha moja la usajili na kulilipia kwa miaka. Klabu hiyo ni AC Milan.

Tarehe 23 Mei 2007, jijini Athens, Milan iliifunga Liverpool 2-1 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Filippo Inzaghi alifunga mabao yote mawili, na nahodha aliyepanda jukwaani kupokea kombe alikuwa Paolo Maldini, mwenye miaka 38, amebakiza mwezi mmoja na ushei atimize 39. Lilikuwa kombe lake la tano la Ulaya, na UEFA ikamtangaza beki bora wa mashindano ya msimu ule. Picha ya kombe ndiyo inayokumbukwa. Lakini kwa kiongozi wa klabu anayetaka kujifunza, jambo lenyewe lilikuwa limetokea majuma matatu nyuma.

Katika nusu fainali ya kwanza, Old Trafford, tarehe 24 Aprili, Maldini hakurudi uwanjani baada ya mapumziko. Alikuwa ameumia. Milan ikalala 3-2. Mechi ya marudiano, San Siro, tarehe 2 Mei, hakucheza kabisa. Aliyesimama katikati pamoja na Alessandro Nesta alikuwa Kakha Kaladze, raia wa Georgia, na Milan ikaitandika Manchester United yenye Wayne Rooney na Cristiano Ronaldo mabao 3-0. Fainali ilipofika, Maldini akarudi kwenye nafasi yake. Milan iliweza kuwa na beki wa miaka 38 kwa sababu siku mwili wake ulipogoma palikuwa na mtu wa kazi pale pale, anayeijua timu, asiyehitaji kuelezwa asimame wapi. Ndiyo maana nasema beki mzee abakizwe, lakini kumbakiza ni mpango wa watu wawili au watatu. Klabu inayombakiza peke yake inamwonea yeye, na inajiumiza yenyewe.

Mpango huo haukuzuka mwaka 2007. Maldini aliingia kikosi cha kwanza tarehe 20 Januari 1985, ugenini Udine, akiwa na miaka 16. Kwa muda mrefu alikuwa beki wa kushoto, kwa kuwa katikati palikuwa na mwenyewe: Franco Baresi. Nani asiyejua habari za Baresi katika Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani? Aliumia goti katika mechi ya pili dhidi ya Norway tarehe 23 Juni, akafanyiwa upasuaji, na kila mtu akajua mashindano yake yamekwisha. Tarehe 17 Julai, chini ya wiki nne baadaye, alikuwa uwanjani Pasadena akicheza fainali dhidi ya Brazil. Alikuwa na miaka 34. Alicheza dakika zote 120, Romário na Bebeto wakaondoka bila bao. Penalti yake ilipaa juu ya lango, na hiyo ndiyo inayorudiwa kwenye televisheni kila mara, lakini anayependa ulinzi hukumbuka zile dakika 120. Kuna jambo jingine la siku ile ambalo halisemwi sana. Alessandro Costacurta alikuwa amefungiwa kwa kadi, hivyo aliyesogezwa katikati kucheza bega kwa bega na Baresi alikuwa Maldini, kijana wa miaka 26. Somo la namna hiyo halinunuliwi kwa ada yoyote ya uhamisho.

Baresi alistaafu mwaka 1997 akiwa na miaka 37, na Milan ikaistaafisha jezi yake namba 6. Sitasema kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Msimu wake wa mwisho timu ilimaliza ya 11, na uliofuata ya 10. Lakini mwaka 1999 ilikuwa bingwa wa Italia tena, Maldini akiwa nahodha. Kadiri miguu ilivyopungukiwa kasi ya kupanda na kushuka ubavuni, ndivyo alivyosogezwa katikati, kwenye kazi inayodai kichwa zaidi. Mwaka 2002 akaletewa Nesta kutoka Lazio, mwenye miaka 26. Kisha, mwishoni mwa 2008, ikafanyika hatua ninayoiona kuwa ya busara kuliko zote: Milan ikamsajili Thiago Silva kutoka Fluminense ya Brazil. Kanuni za wachezaji wa nje ya Ulaya zilimzuia kucheza mechi za mashindano hadi msimu uliofuata. Kwa miezi kadhaa kazi yake ikawa ni mazoezi tu, na mazoezini alimkuta Maldini akiwa katika msimu wake wa mwisho. Yupo mhasibu ambaye angelalamika kwamba mchezaji analipwa bila kucheza. Msimu wa 2010-11, Milan iliyokuwa na Silva wa miaka 26 na Nesta wa miaka 35 ilitwaa ubingwa wa Italia ikiwa imeruhusu mabao 24 tu katika mechi 38. Mshahara wa ile miezi ulikuwa umerudi.

Halafu wakaukata mnyororo kwa mikono yao wenyewe. Katika dirisha moja la mwaka 2012, Nesta aliondoka kwenda Montreal, na Silva, mrithi aliyetayarishwa kwa uangalifu wote ule, akauzwa Paris Saint-Germain. Gennaro Gattuso, Clarence Seedorf, Gianluca Zambrotta na Inzaghi nao wakaaga. Msimu wa kwanza mambo hayakuonekana, kwani timu ilishika nafasi ya tatu na waliotetea uamuzi ule wakapata la kusema. Msimu uliofuata ikawa ya nane, kisha ya 10. Ubingwa wa Italia haukurudi Milan hadi 2022, miaka 11 baada ya ule wa Silva na Nesta. Fedha ya klabu ilikuwa imeyumba, hilo linajulikana, na siwezi kuuweka mzigo wote kwenye safu ya ulinzi. Ila baada ya 2012 Milan haikuwa tena na nguzo ya ulinzi iliyofundishwa na mtu aliyefundishwa na Baresi.

Watu wanaposema beki mzee anacheza kwa uzoefu, wengi hulitamka kama neno la kumfariji. Naomba siku moja utazame mechi bila kuufuata mpira. Mkazie macho beki huyo peke yake kwa dakika kumi. Kiungo wa timu pinzani anapogeuka na kuinua kichwa, kijana wa miaka 21 bado anautazama mpira. Mzee amekwisha kurudi hatua mbili. Mwili ameugeuza nusu, bega moja kwa mshambuliaji, jingine kwa lango lake, na mkono wake uko hewani unamwonyesha beki wa pembeni asogee ndani. Pasi inapopigwa, mshambuliaji mwenye kasi anaanza mbio akiwa anadaiwa hatua mbili tayari. Hakuna kuteleza chini, hakuna rafu, hakuna makofi ya jukwaani. Mpira umechukuliwa na kurudishwa kwa kipa. Na muda wote huo mdomo haufungi: panda, shuka, mwachie, mkate, nyuma yako. Nusu ya kazi ya beki mzee iko mdomoni, na hiyo haihitaji miguu.

Hata hivyo mwili una hesabu zake, na kuzificha ni kumdanganya mchezaji na shabiki pia. Beki wa miaka 35 anaweza kupiga mbio moja kali kama zamani. Ya nne ndani ya dakika kumi ndiyo inayomshinda. Kugeuka kwa ghafla kunakuwa kuzito. Msuli wa nyuma ya paja ukivutika kidogo, kijana anarudi baada ya wiki mbili. Yeye anamaliza mwezi. Uchovu wa mechi ya Jumatano bado anao Jumamosi. Na soka la siku hizi limemwongezea mzigo, maana timu kubwa zinapanga ulinzi karibu na mstari wa kati, na nyuma ya mabeki pamebaki mita 40 za majani matupu. Huko ndiko anakoumbuliwa. Kwa hiyo kocha anayeulizwa kama abaki na beki wake mzee, kabla ya kutazama cheti cha kuzaliwa atazame anataka timu yake isimame wapi uwanjani, na nani atazikimbia mita zile 40.

Thiago Silva, yule yule kijana wa mazoezi ya 2009, aliionja shida hiyo uzeeni. Chelsea ilimchukua Agosti 2020 bila ada, akiwa na miaka 35, siku chache baada ya kupoteza fainali ya Ulaya akiwa na PSG. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa dhidi ya West Bromwich Albion, tarehe 26 Septemba, siku nne tangu atimize miaka 36. Karibu na mstari wa kati, akiwa mtu wa mwisho, mpira ukamponyoka mguuni. Callum Robinson akaondoka nao, akafunga. Hadi mapumziko Chelsea ilikuwa nyuma 3-0, ingawa ilisawazisha baadaye. Ungesikia maneno ya siku ile! Wapo waliomzika kabla hajamaliza mechi moja.

Chelsea haikumtupa. Thomas Tuchel alipofika Januari 2021 alipanga mabeki watatu, Silva katikati, César Azpilicueta kulia kwake na Antonio Rüdiger kushoto. Mbio za pembeni zikawa za hao wawili, mzee akabaki na kazi ya kusoma, kupanga na kuanzisha mashambulizi kwa pasi. Tarehe 29 Mei, huko Porto, Chelsea ilikuwa kwenye fainali ya Ulaya dhidi ya Manchester City. Dakika ya 39 Silva aliumia, akatoka. Akaingia Andreas Christensen, akacheza kana kwamba alianza yeye, Kai Havertz akafunga, mechi ikaisha 1-0. Christensen wa Porto na Kaladze wa San Siro walifanya kazi ile ile, na ni watu wa aina yao ambao klabu huwasahau pale inapojadili kama nahodha mzee abaki au aondoke.

Na Chelsea ikawasahau kweli. Mwaka 2022 mikataba ya Rüdiger na Christensen ilimalizika, mmoja akaenda Real Madrid, mwingine Barcelona, wote bure. Silva akabaki, anaingia miaka 38, amezungukwa na watu wapya ambao yeye mwenyewe alikuwa hajawazoea. Msimu wa 2022-23 Chelsea ilimaliza ya 12. Makocha walibadilishwa katikati ya msimu na matatizo yalikuwa mengi, lakini kwa macho yangu Silva alikuwa miongoni mwa wachache waliocheza kwa heshima ya jezi ile. Alikuwa amebebeshwa mzigo wa watu watatu. Aliondoka mwaka 2024 baada ya mechi 155, akarudi Fluminense, na mwaka 2025, akiwa na miaka 40, akaiongoza kama nahodha hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani. Njiani waliitoa Inter Milan 2-0, timu iliyokuwa imecheza fainali ya Ulaya mwezi mmoja nyuma. Kocha wake siku hiyo alimwekea beki mmoja kila upande.

Kuna mfano unaotumiwa sana kunipinga, na ni mzuri, kwa hiyo tuukabili. Juni 2021 Real Madrid iliachana na nahodha wake, Sergio Ramos, mwenye miaka 35. Klabu ilikuwa tayari kumpa mwaka mmoja, naye alitaka miwili. Alipokuwa tayari kuukubali ule mmoja, aliambiwa ofa imekwisha muda wake. Raphaël Varane naye akauzwa Manchester United. Wengi walitabiri maafa. Mei 2022 Real Madrid ikawa bingwa wa Ulaya, wakati Ramos alikuwa ameukosa sehemu kubwa ya msimu kule Paris kwa majeraha. Basi si ushahidi kwamba mzee anatemwa na maisha yanaendelea?

Rudi nyuma mwaka mmoja. Aprili 2021 Madrid ilicheza na Liverpool robo fainali bila Ramos wala Varane. Katikati walisimama Éder Militão, aliyekuwa klabuni tangu 2019, na Nacho, mtoto wa nyumbani. Walishinda 3-1 nyumbani na kutoka sare ya bila bao Anfield. Ramos alipofungasha mizigo, Militão alikuwa amekwisha kufanya mtihani na kufaulu, na David Alaba akaongezwa kutoka Bayern Munich. Madrid haikumwacha mzee na kwenda kutafuta mrithi. Ilikuwa na mrithi mkononi, ndipo ikasimama imara kwenye meza ya mkataba. Kwa kumwachia Ramos wakati ule, siwalaumu hata kidogo.

Manchester United iliwahi kukosea kwa njia mbili tofauti. Agosti 2001 Sir Alex Ferguson alimuuza Jaap Stam kwenda Lazio kwa paundi zaidi ya milioni 15. Stam alikuwa na miaka 29 tu, ametoka kwenye jeraha la kisigino, na kocha akaamini kwamba kasi imepungua. Akamleta Laurent Blanc, mwenye miaka 35, mgeni kabisa katika safu ile. United ikamaliza msimu ya tatu, bila kombe. Stam akaendelea kucheza katika ngazi ya juu kwa miaka, akafika hadi fainali ya Ulaya ya 2005 akiwa na Milan, na Ferguson baadaye alikiri kwamba kumuuza kulikuwa kosa. Kosa la pili lilikuja 2014. Rio Ferdinand, Nemanja Vidić na Patrice Evra waliondoka wote katika dirisha moja. Warithi walikuwepo: Chris Smalling, Phil Jones na Jonny Evans walikuwa wamekaa pale miaka kadhaa. Lakini walikuwa wakiingia na kutoka, majeraha yakiwaandama, na hakuna aliyekuwa amekabidhiwa safu ile aiongoze wakubwa wake wakiwa bado wapo. Agosti ile United ilipigwa 4-0 na MK Dons ya daraja la tatu. Mwezi uliofuata iliongoza 3-1 ugenini Leicester ikafungwa 5-3. Hadi leo nikiitazama ile mechi ya Leicester naona watu wazuri wanaokimbia kila mmoja kivyake, na hakuna hata mmoja anayepaza sauti.

Linganisha na Arsenal. Arsène Wenger alipofika mwaka 1996 alikuta mabeki ambao wengi walidhani wamefika mwisho: Steve Bould, Nigel Winterburn, Lee Dixon, na Tony Adams aliyekuwa ndiyo kwanza anagusa 30. Aliwabadilishia chakula, akawapa mazoezi ya kunyoosha viungo, akawaacha wacheze. Mwaka 1998 walitwaa ligi na Kombe la FA. Sol Campbell aliletwa 2001, Adams akiwa na msimu mmoja mbele yake, na msimu huo wakatwaa makombe yote mawili tena, Dixon akiwa na miaka 38. Timu iliyomaliza ligi bila kufungwa msimu wa 2003-04 ilikuwa na Campbell na Kolo Touré katikati, na Martin Keown wa miaka 37 bado yumo kikosini.

Hapa nyumbani tuna mfano wetu, nami nauthamini kama ule wa Milan. Msimu wa 2020-21, Simba iliongoza kundi lake katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa pointi 13, mbele ya Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh, ikiruhusu mabao mawili tu katika mechi sita. Pascal Wawa, raia wa Ivory Coast aliyekuwa na miaka 35, alikuwa nguzo ya ukuta ule, pembeni yake Joash Onyango aliyetoka Gor Mahia ya Kenya. Al Ahly waliokuwa mabingwa watetezi walikuja Dar es Salaam Februari 2021 wakaondoka na kipigo cha 1-0. Robo fainali, Simba hiyo hiyo ikachapwa 4-0 na Kaizer Chiefs kule Johannesburg, na ushindi wa 3-0 nyumbani haukutosha. Kelele za kwamba wazee watoke zilikuwa kubwa. Kilichofanyika ni kuongeza. Mwaka ule ule wa 2021 alisajiliwa Henock Inonga kutoka Congo, akakaa msimu mzima katika kikosi kimoja na Wawa. Wawa aliondoka mwaka 2022, na msimu uliofuata Simba ikafika tena robo fainali ya Afrika, ikatolewa na Wydad Casablanca kwa penalti. Sijui kama lilikuwa limepangwa mezani au limetokea tu. Lilifanyika sawasawa.

Kwa bahati mbaya, hiyo si kawaida yetu. Kawaida yetu ni kufungwa mechi moja kubwa, viongozi kuogopa jukwaa, kisha mabeki watatu wanatemwa na watatu wapya wanaletwa katika dirisha moja, na Agosti tunaanza msimu na safu ambayo watu wake hawajui majina ya utani ya wenzao. Hapo hapo tunamlaumu kipa.

Liko suala la fedha, na viongozi wetu hulitaja haraka. Mzee anakula mshahara mkubwa na hawezi kuuzwa tena. Ni kweli. Ndiyo maana mkataba wa mwaka mmoja mmoja ni haki kwa pande zote mbili, na mshahara wake uangaliwe upya kila mwaka. Chelsea walimfanyia hivyo John Terry. Mwaka 2016 alipewa msimu mmoja wa mwisho, akacheza mechi chache sana za ligi chini ya Antonio Conte, na timu ikawa bingwa. Wako waliosema alilipwa kukaa benchi. Mimi naona alilipwa ili chumba cha kubadilishia nguo kiwe na mwenyewe wakati kocha mgeni anabadilisha mfumo mzima. Kama klabu haina imani na kazi hiyo, isimpe mkataba. Kama inayo, iandikwe kwenye mkataba: utacheza mechi kadhaa, utakaa na kijana huyu kila siku ya mazoezi, na siku akikuzidi utakuwa wa kwanza kumpisha.

Maldini aliielewa kazi hiyo hata alipohamia ofisini. Alirudi Milan mwaka 2018 kama kiongozi, na Januari 2020, muda mfupi baada ya timu kuchapwa 5-0 na Atalanta, klabu ikamchukua Simon Kjær, beki wa Denmark aliyekuwa anaelekea miaka 31 na ambaye hiyo hiyo Atalanta ilikuwa haimtumii. Mashabiki wengi waliguna. Kjær akawa ndiye mkubwa wa safu ambayo Fikayo Tomori na Pierre Kalulu waliingia wakiwa vijana. Alipoumia goti Desemba 2021 na msimu wake ukaisha, vijana hao wawili waliimaliza kazi, na Mei 2022 ubingwa ukarudi.

Kwa hiyo ningekuwa na kura katika kamati ya usajili, ningeipiga kwa beki mzee mara nyingi kuliko kinyume chake, lakini kabla ya kunyoosha mkono ningeuliza nani yuko kando yake, ana miaka mingapi, na amecheza mechi ngapi ngumu pamoja naye. Wasiponijibu, ningetaka huyo kijana atafutwe kwanza, hata kama ni lazima mzee akae mwaka mmoja zaidi ya uwezo wake. Wakinijibu vizuri, na mzee akawa hataki kupisha, hataki kufundisha, ananuna akiwekwa benchi, basi ningemwachia aende, awe na miaka 37 au 31.

Na aambiwe mapema. Maldini mwenyewe, katika mechi yake ya mwisho San Siro, tarehe 24 Mei 2009, alizomewa na sehemu ya mashabiki wa klabu aliyoichezea mechi 902, na ni aibu ambayo Milan haijaifuta. Kwetu kuna bango la "Asante" linalowekwa mtandaoni, na mashabiki wanalipokea mchezaji akiwa likizo. Mtu aliyekuchezea miaka saba anastahili kuitwa ofisini mwezi Machi, akae na mwalimu na mwenyekiti, aelezwe kama mwakani yumo au hayumo na kwa nini, apewe mechi moja ya nyumbani ya kuaga, na kama ana hamu ya ukocha aanze kusoma leseni kwa gharama ya klabu kabla mkataba haujaisha.